Siku Aliyokufa Bibi

Osaka, 10 Machi 1981

Shangazi Wol-son mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni Myong-sil, binti wa mdogo wako Tae-bong. Najua utashtuka kuona mwandiko usioujua, maana miaka yote anayekuandikia ni baba, tena mara moja kwa mwaka, mistari minne, basi. Mwaka huu hakuweza. Kifua kimembana tangu Desemba. Daktari anasema ni ile gundi ya viatu aliyoivuta kiwandani miaka thelathini. Bado anakula na bado anafoka, kwa hiyo usiwe na wasiwasi sana.

Mama alitutoka mwaka juzi, hilo unalijua. Mimi nina miaka ishirini na minne, sijaolewa, nafanya kazi kiwanda kilekile, napaka gundi kwenye soli kuanzia asubuhi mpaka jioni. Lugha ya nyumbani nimefundishwa na baba jikoni, kwa mwiko. Ukiona nimekosea, cheka peke yako, usiwaoneshe majirani.

Juzi, siku ya tatu ya mwezi wa pili kwa kalenda yetu ya mwezi mwandamo, siku aliyokufa bibi, tulimwandalia meza ya marehemu kama kila mwaka. Nilipika wali, nikakaanga samaki, nikanunua pombe ya mchele. Baba akapiga magoti, akainama mara ya kwanza, ya pili akashindwa kuinuka. Nilimwinua mimi. Akaniambia, "Sura ya mama imenitoka, Myong-sil. Nakumbuka mikono tu." Nikamuuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani. Akasema, "Muulize shangazi yako. Yeye ndiye aliyekuwa naye mwisho."

Basi nakuuliza. Alikuwa mtu wa namna gani? Alikufa vipi? Baba anachojua ni kwamba ilikuwa homa, na yeye alikuwa ameshavuka bahari. Sasa ameanza kusema anataka kuja kuliona kaburi kabla mapafu hayajamshinda. Nikimwambia apone kwanza ananijibu, "Nikipona nitakuwa sina haraka tena." Nisaidie, shangazi. Nikiwa na la kumsimulia, labda atatulia.

Wako,
Myong-sil


Kijijini, Kisiwa cha Jeju, 2 Mei 1981

Mwanangu Myong-sil,

Marahaba. Barua yako ilifika tangu Machi, lakini nilikuwa na michenza ya kupogoa, na goti langu la kushoto halitaki ngazi siku hizi. Huku hatujambo. Nguruwe amezaa tisa, wamebaki saba.

Mwandiko wako ni wa kuku aliyelewa. Sikulaumu. Aliyekufundisha ni Tae-bong, na mwandiko huohuo ulimchapisha viboko shuleni. Nimecheka peke yangu kama ulivyoomba, halafu nikalia kidogo, maana sikujua kama nina mtoto huko anayejua kuandika "shangazi".

Bibi yako alikuwa mfupi na mwenye sauti. Akigombana na nguruwe utadhani ni mawifi. Alipenda samaki wa kukausha, na kichwa cha samaki hakumpa mtu. Alikufa kwa homa, mwezi wa pili, siku ya tatu, kama nilivyomwandikia baba yako. Hakuteseka. Hakuna zaidi.

Baba yako asije. Kaburi liko mlimani, njia ni mawe matupu, na kwa mapafu hayo mtambeba. Tena mwanangu Ki-ju amefaulu mtihani wa ualimu, anasubiri kuitwa kazini. Kabla ya kumwita mtu huwa wanapita watu wa serikali kuulizia habari za familia yake, nani yuko wapi, nani anamwandikia nani. Wewe ni mtu mzima, unanielewa. Ukiandika, niandikie habari za kiwanda na kama umepata mchumba. Mambo ya zamani tuyaache hukohuko yaliko.

Shangazi yako,
Wol-son


Osaka, 24 Mei 1981

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mchumba sina. Yupo mmoja anayekuja kuleta ngozi kiwandani, lakini anatafuna mdomo wazi. Baba hajambo kidogo. Hongera ya Ki-ju. Hongera ya nguruwe pia.

Shangazi, nimeogopa, na sina mwingine wa kumwambia. Sokoni kwetu amehamia mwanamke mzee kutoka Kobe, anaitwa bibi Kang, anauza kabichi ya pilipili. Juzi alinisikia naongea akaniuliza, "Wewe mtoto, hiyo lafudhi ya kwetu umeitoa wapi? Baba yako nani?" Nikamwambia. Akaweka koleo chini. "Tae-bong wa nyumba ya kisimani? Maskini, mama yenu! Basi mwezi wa kumi na moja tupike pamoja, mimi hapa niko peke yangu."

Nikamwambia, "Bibi, sisi kwetu ni mwezi wa pili. Siku ya tatu."

"Nani kasema?"

"Shangazi yangu."

Aliokota koleo lake. Kisha akaanza kunirundikia kabichi bila kupima, anasema, "Labda nimechanganya. Uzee huu, we acha tu."  Nilirudi kesho yake na keshokutwa. Siku ya tatu akasema hivi: kijijini kwenu nyumba thelathini na saba zinawapikia marehemu wao siku moja, ya kumi na nne ya mwezi wa kumi na moja. Kila jiko linatoa moshi. Na bibi yangu ni miongoni mwao. Nikamuuliza kwa nini siku moja. Akasema, "Hilo si la kuambiwa na muuza kabichi. Muulize shangazi yako."

Watu wa nyumba thelathini na saba hawafi kwa homa siku moja, shangazi. Baba sijamwambia. Na jambo jingine. Baba hajawahi kukanyaga chama cha watu wa kijiji chetu hapa Osaka, na akisikia lafudhi ya kwetu njiani anavuka barabara. Nilidhani ni majivuno. Sasa sijui ni nini. Niandikie upesi.

Myong-sil


Osaka, 28 Juni 1981

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi umepita, sijapata jibu. Nadhani ni michenza. Baba anauliza kila siku kama posta imekuja, nami namdanganya kwamba huko mvua ni nyingi. Niandikie hata mistari miwili. Kama nimekukosea, nifokee, nitanyamaza. Lakini usinyamaze wewe.

Myong-sil


Jeju, 12 Julai 1981

Kwa Bi. Bu Myong-sil,

Nimepokea barua zako mbili. Sisi sote ni wazima na tunaishi kwa amani chini ya serikali yetu. Sijui lolote kuhusu habari ulizouliza, wala simfahamu mtu anayeitwa Kang. Mama yangu alikufa kwa ugonjwa. Familia yetu haina mawasiliano na kikundi chochote cha Osaka. Tafadhali usiniandikie tena.

Machenza ya mwaka huu yana afya.

Bu Wol-son


Osaka, 4 Oktoba 1981

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe. Barua hii haikupita posta. Imeletwa na mkwe wa bibi Kang, ambaye ni mpishi melini, na ni mtu asiyeuliza maswali. Ukimaliza kuisoma itie motoni.

Barua yako ya Julai ilifunguliwa kabla haijanifikia. Mimi kazi yangu ni gundi, shangazi. Naijua gundi iliyopakwa mara mbili hata gizani. Na maneno yale hayakuwa yako. Nilikaa sakafuni nikayasoma, nikaelewa kwamba mimi kwa mkono wangu, kwa kalamu yangu, nimekuletea watu mlangoni. Tangu siku hiyo silali vizuri. Gari likisimama chini ya dirisha letu nazima taa. Nani alikuja? Walikufanya nini? Ki-ju ameitwa kazini? Nikifikiria kwamba hakuitwa kwa sababu yangu, natamani kuukata mkono huu.

Nisingekuandikia tena kama si hili. Baba amejiandikisha kwenye kundi la wazee wanaokwenda kuzuru makaburi ya nyumbani. Alikwenda peke yake, mimi nikiwa kazini, akarudi na karatasi imeshagongwa muhuri. Wanaondoka tarehe ishirini Desemba. Nilimfokea, nikamlilia, daktari naye akamfokea. Anasema, "Nimemwandalia mama meza thelathini na moja na sijawahi kumwandalia kaburini. Nyie nifokeeni tu."

Atafika kijijini, shangazi. Na kuna mtu atamshika mkono kisimani amwambie pole, kama mimi nilivyoambiwa kwenye kabichi. Atajulia hapo, barabarani, mbele za watu, na mapafu yale. Kama kuna neno la kumwambia, liwe lako. Mpishi atarudi huku mwisho wa Novemba. Nakuomba.

Myong-sil


Kijijini, 15 Novemba 1981

Mwanangu Myong-sil,

Marahaba. Sitakuandikia habari za nguruwe leo. Huyu mpishi wenu amekaa uani anakula viazi, kanipa mpaka jua lifike ukutani, na nikiweka kalamu chini sitaishika tena.

Walikuja wanaume wawili, mwezi wa sita. Wamevaa vizuri, wakavua viatu mlangoni kama wageni wenye adabu. Mmoja alikuwa na barua yako mkononi. Akaniuliza huku anacheka, "Mama, hebu tuambie, ni mwezi wa pili au wa kumi na moja?" Nilijikojolea, mwanangu. Nina miaka hamsini na mbili, nimekaa kwenye mkeka wangu mwenyewe, nikajikojolea. Walirudi mara tatu. Barua ya Julai waliitamka wao, nikaiandika mimi. Ya machenza tu ndiyo yangu, niliomba niongeze wakaniruhusu. Ki-ju hajaitwa. Anasema bado mapema. Mimi na yeye tunadanganyana hivyo kila asubuhi kwenye uji.

Usiukate mkono wako. Kosa si lako, ni la zamani kuliko wewe.

Baba yako aliondoka mwezi wa tisa, mwaka ule wa mauaji, 1948. Alikuwa na miaka kumi na sita. Mchana walikuja wanajeshi kutafuta vijana, na waasi waliokuwa mlimani nao walishuka kutafuta vijana haohao. Mama akasema huyu hatapatikana na upande wowote, akamtia kwenye boti ya magendo chini ya magunia ya mwani. Nilimpelekea viazi mimi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya kumi na nne, walitukusanya kijiji kizima kwenye uwanja wa shule. Walikuwa na daftari la kijiji. Wakasoma nyumba moja moja, watu wa nyumba hiyo wanasimama, wanahesabiwa. Daftarini baba yako alikuwepo, uwanjani hayupo. Mama akasema yuko Osaka. Yule askari akacheka, "Leo vijana wote wako Osaka. Huko Osaka hakuna pa kukaa." Kisha akasema neno walilokuwa wanaliambia kila nyumba yenye pengo. Kama mwenyewe hayupo, asimame mmoja badala yake.

Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Alinishika mkono mimi. Mama akanivuta nyuma kwa nguo, akasema kwa ile sauti yake ya kugombana na nguruwe, "Huyu ni wa kuolewa, ni mtu wa nyumba ya watu. Mama wa huyo kijana ni mimi." Akanisukuma nyuma ya mgongo wake. Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina mdomo na nina miguu. Sikusema kitu. Nilijificha pale nyuma nikashika nguo yake, na alipoanza kutembea nguo ikanitoka mkononi. Walipelekwa kwenye shamba la shayiri nyuma ya shule. Zaidi ya hapo siandiki.

Baba yako alipoweza kuniandikia, akaniuliza mama amekufa lini ili amwandalie meza. Nilikaa na kalamu wiki nzima. Huko Osaka wamejaa watu wa kwetu. Ningemtajia siku ya kumi na nne, mtu wa kwanza kuisikia angemwambia yote, maana siku ile haihitaji maelezo. Nikachagua mwezi wa pili kwa sababu kijijini hapa hakuna mtu aliyekufa siku ya tatu ya mwezi wa pili. Nilijiambia namlinda mdogo wangu asijue kwamba mama alikufa kwa hesabu yake. Uongo mtupu. Nilijilinda mimi. Nilijua akishajua hilo, swali linalofuata ni, na wewe dada, ulikuwa umesimama wapi?

Mimi namwandalia mama hapa kila mwaka siku yake. Lakini meza ya binti ni ya huruma tu, meza hasa ni ya mtoto wa kiume, hata wewe unajua. Siku yake ikifika, mama anatoka kaburini anakwenda kwa mwanawe Osaka, anakuta jiko limelala na mlango umefungwa. Mwezi wa pili anaitwa hayupo. Amekaa na njaa miaka yote hiyo kwa sababu ya kalamu yangu. Wale wanaume wawili naweza kuwazoea. Hili siwezi kulizoea. Nitakufa nitamkuta, atanitazama, na mimi sijui nitaweka wapi uso wangu.

Sasa fanya unavyoona. Ukimsomea na mapafu yake yakashindwa, nitakuwa nimeua wawili. Usipomsomea, atasikia kisimani. Naogopa hili na naogopa lile. Tena naogopa hilo kundi lake, maana nimesikia ya wazee waliokwenda kuzuru makaburi wakaishia kuhojiwa siku arobaini. Jua limefika ukutani. Ichome.

Shangazi yako


Osaka, 11 Desemba 1981

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliipokea tarehe ishirini na nane, na hii nayo inakuja kwa mkono wa mpishi. Sikuichoma. Niliifunga ndani ya aproni yangu ya kazi nikatembea nayo siku tisa, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuisoma kwa sauti wala wa kuitia motoni. Kila baba alipokohoa nilisema kesho.

Siku ya tisa akaniuliza mezani, "Una nini wewe?"

"Gundi inaniuma macho."

"Miaka sita haikukuuma, imeanza leo? Lete."

Sijui alijuaje. Nilimpa. Aliisoma jikoni, amesimama, na mimi nimekaa kizingitini nahesabu anavyovuta pumzi. Aliisoma mara mbili. Mara ya pili alifika mahali akashika meza, nikasimama, akanionesha kwa mkono nikae. Niliogopa, shangazi, sijawahi kuogopa hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitamwita nani kwanza. Kisha akaikunja. Akauliza, "Leo ni siku ya ngapi ya mwezi wa kwetu?"

"Ya kumi na mbili."

"Samaki atapatikana?"

"Atapatikana, baba."

Tulipika juzi, siku ya kumi na nne. Nilimwita bibi Kang. Alipoingia akasema, "Tae-bong, pole," na baba akamjibu, "Ahsante, mama."  Baadaye akaniambia, "Hiyo pole ndiyo niliyokuwa navukia barabara. Sikuwa na majivuno. Nilijua kuna kitu. Niliogopa mtu wa kwetu ataniambia pole kwa sauti ambayo haiambiwi aliyefiwa kwa homa." Miaka yote, shangazi, aliipokea ile tarehe yako na hakuuliza kwa sababu na yeye aliihitaji.

Mlango aliufungua mwenyewe na hakuniruhusu kuufunga. Baridi iliingia mpaka wali ukapoa. Nikamwambia, "Baba, kifua." Akasema, "Acha wazi. Hajui nyumba hii." Akamwekea bibi samaki mzima na kichwa chake. Akainama, na safari hii sikumwinua upesi, maana alikuwa analia kwa sauti na nilidhani ana haki ya kumaliza.

Anasafiri tarehe ishirini. Nimemweleza ya wale wanaume, nimemsomea tena ile sehemu ya siku arobaini, nikapiga magoti nikamwomba. Hasikii. Anasema ameomba karatasi mpya ya safari na humo ameandika sababu kwa ukamilifu, kwamba anakwenda kumzuru mama yake aliyeuawa, na tarehe ameiweka ile ya kweli.  Nimesema nitafuatana naye. Amekataa, amesema mmoja wetu abaki mahali anapojulikana alipo.

Nilitaka kumaliza hapa, lakini ameomba kalamu. Yanayofuata ni yake.

*

Dada,

Nimesoma uliposimama. Na mimi ningekuwa uwanjani ningejificha palepale, tena ningekusukuma wewe unipishe. Wewe ulijificha nyuma ya mgongo wake siku moja, mimi nimejificha nyuma ya bahari nzima miaka thelathini na mitatu. Nafika tarehe ishirini, saa nane mchana. Naogopa sana. Usimtume Ki-ju kunipokea. Njoo wewe.

Tae-bong